Gome la Mama Kaluki

Ukifika mtaa wa Mbotela ukauliza nyumba ya Ndete Munyao, watu watakuna kichwa. Uliza kwa Baba Panya, na hata mtoto anayetafuna muwa atakupeleka mpaka mlangoni: ile nyumba yenye mlango wa kijani, cherehani inayonguruma ndani kutwa nzima, na tuta la sukuma wiki chini ya dirisha. Vijana wa pale kona wakimwona anatoka asubuhi humwita, "Niaje Baba Panya, wasee wako wako fiti?" Naye huwajibu bila kugeuka kwamba wako fiti na tena wameamka kabla yao. Jina halimkeri. Kazi inayokulisha na kukusomeshea watoto utaionea haya ya nini?

Kazi yenyewe ni kutunza panya katika taasisi moja ya utafiti, ng'ambo ya mji. Si hawa panya wetu wanaotoboa magunia kwenye soko la Muthurwa halafu wanakukodolea macho kana kwamba wewe ndiye mwizi. Ni panya weupe, wadogo, wasafi, wanaolishwa kwa saa na kunyweshwa maji yaliyochujwa. Ndete huwabadilishia matandiko, huwapima uzito, huwasalimu anapoingia na kuwaaga anapotoka. Ameifanya kazi hiyo tangu mtoto wake wa kwanza, Muthama, akiwa mgongoni mwa mamake, na Muthama sasa ana ndevu.

Ila panya, hata awe msafi namna gani, ana harufu, na harufu hiyo ikishaingia kwenye sweta imekuja kuishi. Ndiyo maana Mukai, mkewe Ndete, alikuwa na sheria yake nyumbani. Koti linavuliwa nje na kutundikwa kwenye msumari. Beseni na sabuni viko mlangoni. Mtu ananawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kushika kikombe. Kanisani alimkalisha mumewe upande wa dirisha, jua na mvua, na alipoulizwa na kina mama wenzake alisema mzee wake anapenda hewa.

Sasa, mambo yalianza alipokuja Warigia. Huyu alikuwa binti wa Nyeri, mwembamba, mwenye haraka, anasomea shahada ya uzamivu, na masikini ya Mungu alikuwa amechagua kusomea panya huku mwili wake haupatani na panya hata kidogo. Akikaribia kizimba bila barakoa alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Kwa hiyo alivaa barakoa tangu mlangoni, akawa anaongea kwa sauti iliyozibwa, na Ndete akazoea kumsoma macho.

Warigia alitaka kujua jambo moja. Watu wetu wakilemewa na moyo, wakikosa usingizi, wakishikwa na hofu isiyo na kichwa wala miguu, wengi wao hunywa miti kabla ya kwenda hospitali. Je, miti hiyo ina kitu ndani yake, au ni maji machungu tu? Alizunguka kwa akina mama wa dawa pale Muthurwa, akanunua magome na mizizi, akaanza kuchemsha, kuchuja na kukausha.

Alasiri moja alifunua sufuria ya gome jipya, na Ndete, aliyekuwa akipita na ndoo, akasimama wima.

"Hilo gome ninalijua," alisema.

"Mzee Ndete, utalijuaje kwa mvuke?"

"Harufu hiyo iliamka nyumbani kwangu kila asubuhi mpaka mapazia yakaishika. Nitaisahauje?"

Akamweleza, akiwa bado ameshika ndoo. Miaka mingi nyuma, yeye na Mukai walimpoteza mtoto wao wa pili, msichana, kabla hawajampa jina. Mukai alirudi nyumbani kutoka hospitali akaketi. Aliketi, basi. Hakulia, hakusema, hakugusa cherehani. Muthama alikuwa akimvuta kitenge, naye anamtazama tu kama mtoto wa jirani. Ndete alijaribu kila alichojua, na alichojua hakikuwa kingi. Mwishowe alikwenda Mathare kwa mamake, Kaluki, akamwambia, "Mama, mke wangu anaondoka nikimwona."

Siku iliyofuata Kaluki alitokea Mbotela kwa miguu, kutoka Mathare yote ile, amebeba gome la kwao Kitui kwenye kikapu na themosi kuukuu ya kutilia hiyo dawa. Alichemsha, akatia themosini, akamimina kikombe, akamkabidhi mkaza mwanawe, akaketi. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa, na miezi ikapita anakuja. Na kidogo kidogo Mukai akarudi. Kwanza alimchana Muthama nywele. Halafu akauliza chumvi iko wapi. Asubuhi moja Ndete alipokuwa akivaa viatu alisikia cherehani inanguruma, akakaa pale chini na kiatu kimoja mguuni akalia kama mtoto.

Mchungaji alisema ni maombi. Lorine, jirani yao, alisema ni muda tu, muda hufanya hivyo. Ndete aliwasikiliza kwa heshima wala hakuwaamini. Yeye alijua ni gome. Kaluki naye alikuwa ameshazikwa kwao Kitui, hakumwachia mwanawe shamba wala ng'ombe. Urithi wake kwa Ndete ulikuwa huo: kwamba alikuwa na dawa iliyomrudisha Mukai. Na sasa, ajabu ya maisha, dawa hiyohiyo ilikuwa imeingia kwenye chumba chake cha kazi, ili ipimwe na watu wenye darubini.

"Nataka kujua kama ni kweli," alimwambia Warigia. "Nataka kujua kabla sijastaafu."

Macho ya Warigia juu ya barakoa yalilainika. "Basi tutajua, Mzee Ndete. Lakini lazima tuwe wakali."

Ukali huo ulikuwa hivi. Panya walipewa dawa kutoka chupa za rangi tatu: nyekundu, buluu na nyeupe. Chupa nyingine zilikuwa na gome jepesi, nyingine gome zito, nyingine maji matupu, na profesa aliyemsimamia Warigia peke yake ndiye aliyejua ipi ni ipi. Hata Warigia hakujua, ili asije akaona anachotaka kukiona. Kisha panya aliwekwa juu ya msalaba wa mbao ulioinuliwa kutoka sakafuni, wenye mikono miwili yenye kuta na miwili iliyo wazi. Panya mwenye hofu hujibanza ndani ya kuta. Aliyetulia hutoka, akachungulia kule wazi, akatembea. Siku nyingine aliwekwa kwenye maji, wakatazama ataogelea kwa muda gani kabla hajakata tamaa akaelea tu. Mtihani huo Ndete hakuupenda hata siku moja. Panya akitolewa, yeye ndiye aliyempokea kwa taulo, akamkausha masikio, akamweka karibu na taa na kumwambia kwa Kikamba pole, imekwisha.

Sheria kuu ya Warigia ilikuwa kwamba kitu chochote kisibadilike tangu mwanzo mpaka mwisho. Taa ileile, chakula kilekile, mtu yuleyule. Hata sabuni ya kunawia Ndete asiibadilishe, maana panya anakujua kwa pua. Ndete aliitii sheria hiyo kama mtu aliyekula kiapo. Lorine alipomletea Mukai sabuni nzuri ya zawadi kutoka Mombasa, Ndete aliifungia kabatini.

Halafu maranda yakaisha.

Panya hulala juu ya maranda, yale mabaki membamba yanayotoka kwenye randa la seremala. Taasisi ilikuwa ikiyanunua kwa kiwanda kimoja cha mbao: meupe, laini, ya mti usio na harufu yoyote. Juma hilo mashine ya kiwanda iliharibika, stoo ikawa tupu, na Warigia alikuwa amekwenda kwao Nyeri kwa siku chache. Vizimba vilikuwa vimelowa. Ndete alipiga simu stoo, akaambiwa angoje. Angoje vipi, na viumbe wamelalia mkojo wao? Akaamua kutafuta njia.

Hapa lazima umwelewe Ndete. Yeye ni mtoto wa wachongaji. Baba yake alichonga twiga mpaka vidole vikapinda, na binamu yake Mbithi ana karakana yake hapo Eastlands mpaka leo. Katika ukoo wao mbao zina vyeo. Msonobari ni wa masanduku ya nyanya. Jakaranda ni ya vinyago vya haraka, vya kumuuzia mtu anayewahi ndege. Mti wenyewe ni muhugu: mgumu, wa rangi ya asali, na ukiukata unatoa harufu tamu inayokaa kwenye nguo wiki nzima. Ndete alizaliwa juu ya muhugu. Alitambaa ndani ya vumbi lake. Harufu hiyo kwake si harufu, ni kama hewa ya nyumbani, wala haisikii tena.

Alipofika karakana, Mbithi alikuwa na oda ya visanduku vya vito, anapiga randa tangu asubuhi, na miguuni pake kulikuwa na marundo mawili.

"Chukua unayotaka," alisema Mbithi. "Hili la jakaranda, hili la muhugu."

"Nitachukua muhugu."

"Kwa panya?"

"Panya wangu wana kazi ngumu. Waache walale pazuri."

Mbithi alicheka, akamjazia magunia. Mkamba wa ukoo wa randa ana muhugu mbele yake, ataanzaje kumtandikia mgeni jakaranda? Ndete aliyabeba mpaka kazini, akatandika vizimba vyote kwa mikono yake, akasimama kuwatazama panya wakizama ndani ya yale maranda ya asali na kutoa pua tu. Alifurahi kweli. Pale ubaoni, kwenye safu ya matandiko, aliandika "maranda", kwa sababu maranda ni maranda. Warigia alirudi na barakoa yake, akakuta vizimba vikavu, akashukuru. Kiwanda kilipopona, Mbithi alikuwa ameshaahidi kuendelea bure, na Ndete hakuona sababu ya kumkatalia ndugu yake.

Kazi ilikwenda mpaka mwisho. Siku ya kufunua rangi profesa alikuja na bahasha yake, Warigia akaingiza namba kwenye kompyuta, na Ndete akajifanya anafagia karibu na mlango. Alifagia mahali pamoja muda mrefu. Hatimaye Warigia akatoka, akaegemea ukuta.

"Hakuna kitu, Mzee Ndete. Gome jepesi, gome zito, maji, wote wamefanya sawasawa. Pole sana. Nitaandika hivyo, kisha nianze mti mwingine."

Ndete alisema ahsante. Sijui ahsante ya nini, hata yeye hakujua. Jioni hiyo alifika nyumbani akavua koti, akanawa, akakaa mezani na kukitazama chakula mpaka kikapoa.

"Umekuwaje?" Mukai alimwuliza.

"Gome la mama ni maji. Wamelipima, wameona ni maji tu."

Mukai alikuwa akitia uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kuingia. Akaujaribu tena. "Mama yako hakuwa maji," alisema, akainama kwenye kazi yake. Ndete hakumwuliza ana maana gani, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umejaa huzuni na aibu, kana kwamba mtu amemtukana mamake kaburini naye akakosa la kujibu.

Siku mbili tatu zikapita hivyo. Jumamosi asubuhi Mukai alikuwa akikusanya nguo za kufua. Alilitoa lile koti la kazini pale msumarini, akaliweka puani, akalisogeza mbali, akaliweka tena.

"Baba Muthama, njoo hapa. Huyu ni nani?"

"Nani tena?"

"Mwanamke anayekupulizia marashi. Koti hili lilikuwa linanuka panya tangu Muthama yuko mgongoni. Sasa hivi mwezi wa ngapi sijui, linanukia. Nimenyamaza nikijua ukishtuka utaacha kunukia."

Ndete alicheka kwa mara ya kwanza tangu zile habari mbaya. "Mukai, mwanamke atanipenda na umri huu, na jina la Baba Panya juu?"

"Basi umebadilisha sabuni."

"Sabuni sijabadilisha. Warigia alikataza kubadilisha kitu."

"Sasa umebadilisha nini?"

Alitaka kusema hakuna. Mdomo ulishafunguka. Ndipo akaliona rundo la Mbithi mbele ya macho yake kana kwamba limemwagwa pale mlangoni. Akachukua koti mkononi mwa mkewe na kulinusa. Hakusikia kitu. Akalinusa tena, akalazimisha pua yake ambayo haikuwa imefanya kazi hiyo tangu utotoni, na kweli, pale kwenye kola, kulikuwa na karakana nzima ya baba yake.

"Ni muhugu," alisema. "Nimewalaza kwenye muhugu."

Jumapili hiyo hakuyasikia mahubiri. Alikaa dirishani akipima mambo. Hakuna mtu aliyejua. Warigia alikuwa ameshaanza kuandika. Mkataba wake Ndete ulikuwa wa mwaka kwa mwaka, na mzee wa umri wake akifukuzwa leo, kesho ataajiriwa na nani? Angeweza kurudisha maranda meupe kimyakimya na dunia ikaendelea. Lakini basi ingeandikwa, na kusomwa na watu wa mbali, kwamba gome la Mama Kaluki ni maji, na aliyelifanya maji ni mwanawe mwenyewe. Hilo lilimshinda. Aliogopa, tena sana, na chini ya hofu kulikuwa na furaha ndogo iliyokataa kunyamaza: huenda gome halijashindwa.

Jumatatu alimkuta Warigia chumbani, akamwomba avue barakoa.

"Utanizika wewe, Mzee Ndete."

"Vua kidogo tu, unuse."

Warigia alivua. Alivuta pumzi, macho yakamtoka, halafu akapiga chafya tatu mfululizo. Akajifuta, akatazama vizimba, akamtazama Ndete.

"Mbona panya wangu wananukia kama duka la vinyago?"

Ndete akamweleza yote, kuanzia mashine ya kiwanda mpaka marundo mawili ya Mbithi, na hakujipunguzia chochote. Warigia aligeuza ndoo akaikalia. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Jasho langu lote hili. Nilikwambia hata sabuni. Si nilikwambia hata sabuni?"

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani nimewafanyia wema."

Profesa alikuja, akanusa, akang'aka. Alipomaliza kung'aka alieleza. Mbao nyingine zenye mafuta ya kunukia, alisema, zinajulikana kuliamsha ini la panya, likawa linaivunja dawa upesi kabla haijafika kichwani. Kama muhugu unafanya hivyo hakujua, kwa kuwa hakuwahi kusikia mtu aliyeupima kwa panya. Alichojua ni kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuyaamini matokeo ya chumba kile. Kazi yote irudiwe na panya wapya. Na wewe Ndete, alisema, shukuru kwamba umekuja mwenyewe.

Wiki nzima Warigia alimwita "Mzee" bila "Ndete", na kila aliyelelewa huku kwetu anajua salamu ikikatwa hivyo ina maana gani. Ndete alivumilia. Alisugua vizimba mpaka viganja vikachubuka, akamwaga muhugu wote, akatandika maranda meupe yasiyo na jina wala ukoo. Ijumaa Warigia alikuja na bakuli la githeri, akachota nusu akamwekea kwenye kifuniko. Wakala pamoja.

"Mama yako alilichemsha kwa muda gani?" Warigia aliuliza mwishowe.

"Mpaka maji yawe na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa."

"Ni chungu kiasi gani?"

"Mimi sikuonja. Lilikuwa la Mukai."

Walianza upya. Harufu ya panya ilirudi kwenye koti, na siku ya kwanza Mukai aliposimama mlangoni alisema tu, "Ameachana na wewe yule," akaelekeza kidole kwenye msumari. Ndete alijizuia kukisia rangi. Alijitahidi, ila macho hayana breki. Aliona wale wa chupa ya buluu wanatoka kwenye mikono ya wazi ya msalaba, wanatembea mpaka pembeni kabisa, wanachungulia sakafu kama watu waliopanda ghorofa kuangalia mji. Aliona wanaogelea wakati wenzao wameshaelea. Alimwomba Mungu asimwonyeshe anachotaka kukiona, akaendelea kukausha masikio.

Bahasha ya pili ilifunguliwa siku ya mvua. Safari hii Warigia hakumwacha afagie. Alimwita ndani, akampa kiti.

"Buluu," alisema, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Buluu ndiyo gome zito. Si muujiza, Mzee Ndete, na hawa ni panya, binadamu ni hadithi nyingine. Lakini kuna kitu. Kuna kitu humo ndani."

Ndete alimwomba arudie, akarudia. Akamshika mkono binti wa watu kwa mikono yake miwili na kushindwa kuuachia. Yale ya panya si binadamu yaliingia sikio hili yakatokea lile. Alichobeba nyumbani ni hilo moja: kuna kitu. Alipita Muthurwa akanunua nusu kilo ya nyama na parachichi kubwa, akavuka Jogoo Road akitabasamu peke yake, na vijana wa kona walipomwuliza panya wako fiti, alisimama, akageuka, akawaambia wako fiti kuliko siku zote. Wakatazamana.

Nyumbani aliingia na koti lake, akasahau msumari, akasahau beseni. Mukai alikuwa akishona sketi za shule. Aliinua uso, akaliona koti, na kitu fulani katika uso wa mumewe kikamfanya asimkumbushe msumari.

"Ni dawa," Ndete alisema. "Mama Muthama, ni dawa kweli. Wamelipima tena na wamekuta kitu. Mama hakukunywesha maji."

Akaeleza yote, buluu na msalaba na kuogelea, akiwa amesimama na nyama mkononi. Mukai aliondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza. Alikunja sketi aliyokuwa akiishona, akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha kwa kiganja.

"Keti," alisema.

Ndete akaketi.

"Mimi sikuinywa."

"Hukuinywa nini?"

"Dawa ya mama. Siku ya kwanza nilionja, nikatema. Ilikuwa chungu, Baba Muthama, chungu ya kukufanya uchukie ulimi wako. Mama akiinuka kwenda kuosha sufuria, mimi namwaga dirishani. Kila siku. Hakuna siku niliyoimeza."

Mvua ilikuwa ikigonga mabati. Ndete alitazama dirisha lile, na chini yake tuta la sukuma wiki, ambalo tangu zamani lilikuwa likishinda matuta yote ya mtaa na hakuna aliyejua siri yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungemwambia. Angejua siinywi, angeacha kuileta. Angeacha kuja." Mukai alikuwa akiitazama mikono yake. "Alikuwa anaketi pale ulipoketi. Haniulizi kitu. Haniambii nijikaze wala nishukuru Mungu nina mmoja. Anachambua maharagwe. Siku moja akaniambia yeye alizika wawili kabla yako, akanieleza sura zao, akaendelea kuchambua. Nikamsaidia kuchambua. Mimi nilikuwa naamka nikimsubiri huyo mtu afike."

Ndete hakujua acheke au alie, na kicheko kikatangulia. Alicheka mpaka akaweka nyama mezani, na Mukai naye akaanza, wakacheka wote wawili hadi Mukai akapangusa macho kwa ncha ya sketi ya mtoto wa mtu.

"Sasa Warigia nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Panya wake hawana mama mkwe. Wape dawa."

"Maskini mama. Alikufa akidhani umeinywa yote."

Mukai alitikisa kichwa. Alinyoosha mkono, akalivuta koti la mumewe karibu, pamoja na harufu yake yote, akaacha mkono pale kwenye kola.

"Alijua," alisema. "Asubuhi moja alisimama hapo nje muda mrefu, akiitazama ile sukuma. Akaingia akaniambia, 'Mboga zako zina furaha sana siku hizi, mwanangu.' Sikulala usiku huo, nikijua kesho haji."

"Kisha?"

"Kesho yake alikuja na themosi kubwa zaidi."